Nani Anahesabu Siku ya Soko?

Wiki jana mlinipigia simu, nyinyi vijana wa ofisi ya mifugo, mkaniambia kwamba mfumo wa vibali umekuwa mzito tena siku ya soko. Mlikuwa watatu kwenye simu moja, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Wa kwanza alisema seva imezeeka. Wa pili akasema ni mtandao. Wa tatu akasema mmeshaandika barua ya kuomba memori zaidi. Mimi nikauliza swali moja tu: "Nani anahesabu?"

Mkacheka. Nikamsikia mmoja akinong'ona, "Akko amechoka." Akko ni nyanya kwa Kiborana, kwa hiyo hata dharau yenu ilikuja na heshima ndani yake, nikaipokea.

Sijachoka. Nimestaafu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Aliyechoka hana la kusema, na mimi nina la kusema mpaka majirani wananikwepa dukani. Kaeni basi niwaeleze swali langu lilitoka wapi, maana lilinigharimu miezi miwili ya aibu na karibu linigharimu kazi.

Kabla ya kompyuta palikuwa na masjala, na ndani ya masjala palikuwa na Mzee Mwirigi. Alikuwa Mmeru mfupi, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa jua kali, na hakupenda mtu aegemee meza yake. Mimi niliajiriwa kumsaidia. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mfugaji akitaka kusafirisha wanyama kwa lori, anakuja dirishani, anataja chapa ya mifugo wake, nasi tunatafuta faili ya chapa hiyo kuona kama wanyama wamechanjwa. Wakiwa wamechanjwa anapewa kibali. Bila kibali lori haliondoki, na wanyama wanangoja kwenye boma la soko, mahali ambapo kivuli ni cha bei na maji ni ya bahati.

Rafu za faili zilizunguka kuta tatu mpaka darini. Kuleta faili moja kutoka rafuni ilikuwa safari: unapanda, unapukuta vumbi, unapiga chafya, unashuka. Mezani nafasi ilikuwa ya faili kama thelathini hivi. Faili ikiwa mezani, unanyoosha mkono tu. Kwa hiyo ujuzi wote wa Mzee Mwirigi ulikuwa kujua faili gani ibaki mezani na ipi irudi rafuni.

Hapo ndipo ilipo siri yote ya hifadhidata, na ningeweza kuishia hapa nikaenda kuanika nguo. Rafu ni diski. Meza ni memori. Faili ni zile kurasa ambazo kompyuta inazichukua kutoka diski na kuziweka memori ili izisome haraka. Meza ikijaa, lazima ukurasa mmoja utoke ndipo mwingine upate nafasi. Ukitoa usiofaa, utaurudia baada ya dakika moja ukipiga chafya. Lakini najua mkiambiwa jambo rahisi hamliamini, basi tuendelee.

Mzee alikuwa na kopo la majani ya chai lililojaa kokoto. Kila faili ya mezani ilipotumika, aliweka kokoto moja juu yake. Kama tayari ina kokoto, haongezi. Meza ilipojaa na faili mpya ikaitwa, alianza kuzunguka meza kwa mkono, faili baada ya faili. Akikuta yenye kokoto, anaiondolea kokoto na kuiacha. Akikuta isiyo na kokoto, hiyo ndiyo inarudi rafuni. Kesho yake mkono ulianzia pale ulipokomea jana. Kwa hiyo kila faili ilipewa nafasi ya pili kabla ya kufukuzwa, na iliyoitwa mara kwa mara haikufukuzwa kamwe.

Mimi nilikuwa nikimcheka. Niliwaambia wenzangu kwamba mzee anacheza bao peke yake na anajishinda.

Alikuwa pia na kipimo chake. Asubuhi ya soko aliagiza chai, ile ya maziwa iliyochemshwa na tangawizi mpaka ikakasirika, akaweka kikombe pale dirishani. Mtu akifika, mzee aliagiza kikombe kipya, na kibali kilipaswa kutoka huku chai hiyo ikiwa bado inachoma midomo. "Chai ikipoa, sisi tumeshindwa," alikuwa akisema. Chai haikupoa mara nyingi.

Na kando ya meza palikuwa na kigoda cha miguu mitatu. Nilikitumia kufikia rafu za juu, na kila mara alinigombeza. "Mwari, shuka hapo. Hiyo si ngazi." Mwari kwao ni binti. Sikumuuliza hata siku moja, kama si ngazi ni nini.

Kompyuta zilipokuja nilipelekwa mafunzo ya wiki chache, nikarudi nimevimba kichwa. Faili zote zikaingizwa kwenye mashine, meza ya mzee ikatolewa nje, na yeye akaombwa kustaafu mapema kidogo kuliko alivyopanga. Hakugomba. Siku ya kuondoka aliniita.

"Mwari, hii mashine yako itatoa kibali haraka kunishinda?"

"Itakushinda mbali, mzee."

"Niahidi. Hakuna mbuzi itakaa kwa jua sababu ya karatasi. Chai ikiwa bado inachoma."

Nikaahidi upesi, kama watu wote wasiojua wanachoahidi. Akavaa kofia yake akaenda Rapsu kulima vitunguu.

Miezi ya kwanza mashine ilikimbia. Kisha ikaanza kuugua, na ugonjwa wake ulikuwa wa ajabu: siku za kawaida ni nzima, siku ya soko, kuanzia saa nne hivi asubuhi, inalala. Unaandika chapa, unabonyeza, kioo kinakutazama. Asubuhi na mapema vibali vinatoka, saa nne vinagoma, mchana vinaamka kidogo, kisha vinagoma tena.

Dirishani nako hakukuwa na subira. Nakumbuka mfanyabiashara mmoja wa mbuzi kutoka Gotu, aliyekuwa na sauti ya kuita ng'ambo ya mto.

"Talaso! Wallahi hiyo mashine iko macho ama imelala? Mbuzi yangu imeingia chini ya lori kutafuta kivuli. Dereva akiwasha gari si tutakula nyama bila sherehe?"

Watu wakacheka. Mimi sikuweza. Nilitoka nje nikaona mbuzi wake wamefumba macho, ndimi nje, na majike wawili wamelala chini hawataki kusimama. Nilirudi ndani. Ahadi yangu kwa mzee ilikuwa imelala pale uwanjani pamoja nao.

Mkubwa wetu alikuwa Bwana Wafula, mtu wa kutoka magharibi, mpole, msafi, na mwenye kupenda kazi yake kupita kiasi. Aliniita ofisini kwake, ofisi pekee iliyokuwa na pazia.

"Madam Talaso, nakupa soko tatu. Mashine isipokaa sawa, tunairudisha kwa boksi, tunarudi kwa vitabu. Na kandarasi yako, unajua vizuri, ni ya mashine."

Nilijua vizuri. Mashine ikirudi kwenye boksi, nami narudi nyumbani, na yule mzee aliyetolewa mezani pake atakuwa ametolewa bure.

Soko la kwanza nililipoteza kwa ujinga wangu mwenyewe. Nilisema kama nyinyi: memori haitoshi. Nikaandika barua, nikapiga simu, nikabembeleza, memori ikaja. Nikaifunga kwenye seva kwa mikono yangu, nikaipa hifadhidata memori yote. Yote kabisa. Sikuiachia kompyuta yenyewe hata ya kupumulia. Basi kompyuta, ikiwa haina pa kuweka mambo yake, ikaanza kuyahamishia diskini, ikiyatoa na kuyarudisha, na ikawa nzito kuliko mwanzo. Ni kama ningemletea Mzee Mwirigi meza kubwa mpaka mlango ukashindwa kufunguka. Siku hiyo vibali vilitoka tisa mpaka adhuhuri. Mtu wa Gotu alinitumia salamu kwa mdomo wa mtu mwingine: aliniombea afya njema na kazi nyingine.

Jioni ile Ekiru, fundi wetu wa mitambo, Mturkana mrefu asiyesema mpaka aulizwe, alinikuta nimeshika kichwa.

"Unajua kinachoendelea ndani?" akaniuliza.

"Sijui."

"Basi kwa nini unatibu?"

Neno hilo liliniuma kwa sababu lilikuwa la haki. Nikapunguza memori ya hifadhidata ikae kiasi, na soko la pili sikugusa kitu kingine. Niliuambia mfumo uandike kila ukurasa unaoombwa, kwa mpangilio wake, toka asubuhi mpaka mchana. Vibali vilichelewa vile vile, watu walitukana vile vile, nami niliketi nikiandikisha ugonjwa bila kuutibu. Ilikuwa asubuhi ndefu sana. Lakini mwishoni nilikuwa na orodha.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapotaka mjifunze kazi. Hatukukimbilia seva tena. Tulitengeneza seva ya uongo. Nilileta sinia kutoka nyumbani, nikachora juu yake vyumba kumi na viwili kwa chaki. Hiyo ikawa memori. Nikakata maboksi kuwa kadi, kila kadi ukurasa mmoja, nikazipanga kwenye rafu ya dirisha. Hiyo ikawa diski. Nikaleta maharagwe. Ekiru akasoma orodha kwa sauti, mimi nikawa nahamisha kadi, na kila nilipolazimika kwenda dirishani kuleta kadi tukachora mstari ukutani. Mistari mingi, ndiyo kungoja kwingi. Tulifanya hivyo kila siku baada ya swala ya alasiri, na wafagizi walidhani tumeanza kupiga ramli.

Kwanza tulijaribu kanuni ya aliyetangulia kuingia atangulie kutoka. Inasikika ya haki. Ila ikautoa ukurasa wa watu wa Gotu huku wenyewe Gotu bado wako saba kwenye foleni, maana watu wa njia moja hufika pamoja, na wanyama wao huwa na chapa moja. Nikakimbia dirishani mara nne kwa kadi ile ile. Kisha tukajaribu kumtoa aliyekaa muda mrefu zaidi bila kuitwa. Mistari ikapungua sana. Lakini Ekiru alilazimika kuandika kila kadi iliitwa lini, na baada ya nusu saa tulikuwa tunagombana kuhusu saa.

"Tafuta njia ya mtu mvivu," akasema.

Nikachukua haragwe moja, nikaliweka juu ya kadi iliyotoka kuitwa. Nikaweka lingine. Nafasi ilipokwisha, nikazungusha mkono: yenye haragwe naiondolea, isiyo nalo naitoa. Mistari ikatoka karibu sawa na ile ya kuandika saa, bila ugomvi. Nikasimama na haragwe mkononi, uso ukiniwaka moto. Miaka yote ile nilikuwa nikimcheka mtu aliyekuwa akiendesha hifadhidata kwa kokoto na kopo la chai. Na baadaye nilipofungua kitabu cha maelekezo cha mfumo wetu, nikakuta ndivyo hasa mashine yenyewe inavyofanya.

Tukaendelea na orodha kwa furaha, mpaka tukafika saa nne.

"Ukurasa wa kwanza," akasoma Ekiru. "Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Wa tano."

"Umeruka karatasi ya orodha?"

"Nasoma ilivyo. Wa sita. Wa saba."

Kadi zikaanza kupita kwa mpangilio, kila moja inaitwa mara moja, hairudi tena. Mkono wangu ukazunguka sinia, ukaondoa maharagwe yote, ukaanza kuwatoa wenyeji. Gotu wakatoka. Kipsing wakatoka. Kila aliyekuwa na haki ya kukaa akatoka, na mahali pake pakakaliwa na kadi ambayo hakuna mfugaji aliyeiuliza. Ombi la mfugaji likija, kadi yake haipo. Tukaleta sinia kubwa, lile la pilau la dada yangu, vyumba ishirini na vinne. Nalo likafagiliwa vile vile, lilichelewa kidogo tu. Hapo nikaelewa kwamba hata ningeletewa memori maradufu, ningelia tu kwenye sinia kubwa zaidi.

"Huyu ni nani anaita kila kitu kutoka mwanzo mpaka mwisho?" akauliza Ekiru.

Nilikuwa nimefungua mdomo kusema sijui, nikamkumbuka baba yangu.

Mimi ni mtoto wa wafugaji. Baba yangu hakuhesabu mbuzi hata siku moja. Jioni alisimama kwenye lango la boma, akawatazama wakiingia, akasema, "Mweupe wa sikio moja hayupo," na kweli hayupo. Kwetu kuhesabu mifugo ya mtu ni kuitakia mabaya, na mgeni anayeuliza "una wangapi?" hupewa chai na jibu la uongo. Nililelewa nikijua mbuzi hahesabiwi. Na nilikaa miezi miwili mbele ya mashine bila kujiuliza ni nani anayewahesabu.

Ekiru akaangalia ombi lilitoka wapi. Lilitoka kwenye chumba chenye pazia.

Hakukuwa na ubaya ndani yake. Kila siku ya soko, saa nne, Bwana Wafula alibonyeza kitufe kujua jumla ya wanyama waliochanjwa eneo lote, ili adhuhuri akikaa na wazee wa soko, au wakubwa wakimpigia simu, awe na jibu. Kwa kuwa jibu lilichelewa, alibonyeza tena. Asubuhi ile alibonyeza mara tano. Kila akibonyeza, alifagia meza. Kila alipoifagia, mashine ilichelewa. Kila ilipochelewa, akabonyeza. Na huyo ndiye aliyenipa soko tatu.

Kumwambia mkubwa kwamba ugonjwa ni yeye ni kazi isiyofundishwa mafunzoni. Nilibeba sinia mpaka ofisini kwake.

"Hii ni mchezo ya watoto ama ni kazi?"

"Ni mfano wa kazi, mkubwa. Leo wewe ndiye memori."

Alipenda cheo hicho. Akakunja mikono ya shati, tukamweleza maharagwe, Ekiru akaanza kusoma. Bwana Wafula alikuwa mzuri, wallahi, mkono mwepesi, hakosei. Tulipofika saa nne akaanza kutoka jasho. Kadi zinakwenda, zinarudi, hakuna anayeitwa mara mbili.

"Ngoja, ngoja. Sasa huyu hana adabu ni nani, anataka faili zote? Si anaona watu wako na mbuzi kwa jua?"

Ekiru akainua uso akatazama pangaboi.

"Ombi linatoka chumba chenye pazia, mkubwa," nikasema.

Alitazama pazia lake. Akaweka kadi chini taratibu, akazipanga kingo zikalingana. Nilidhani kandarasi yangu inaishia hapo hapo. Kumbe anajizuia kucheka, na alipocheka maharagwe yalimwagika mpaka chini ya kabati. Lakini alipomaliza alisema neno la maana.

"Madam, hesabu bado naihitaji. Wakinipigia simu nitawaambia nini, ati kwa Waborana mbuzi haihesabiwi?"

"Waambie hivyo," akasema Ekiru.

"Usinijaribu."

Alikubali kubonyeza mara moja tu. Ila mara moja nayo inatosha kufagia sinia. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Nikaenda Rapsu na sinia langu. Nilimkuta Mzee Mwirigi katikati ya vitunguu, amevaa viatu vya mpira na kofia ile ile, anaelekeza maji ya mfereji kwa jembe. Nikamsalimu kwa Kimeru.

"Muga, mzee."

"Muga, mwari. Umekuja na sinia bila chakula?"

Hakuuliza mashine inaendeleaje. Nami niliona aibu kumwambia, kwa hiyo nikapindua kreti, nikaweka sinia, nikampa maharagwe. Alitazama mara moja tu.

"Hii ni kopo yangu."

"Ndiyo mzee. Mashine yote ni kopo lako. Nisamehe nilikuwa nikikucheka."

"Nilikuwa nasikia," akasema, akavuta sinia karibu. Akaanza kucheza. Nikamsomea orodha, naye akazungusha mkono bila kufikiri, kama zamani. Saa nne ikafika. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mzee hakugusa sinia. Alichukua kadi ya kwanza akaiweka gotini, akairudisha. Ya pili gotini, akairudisha. Kati yake nikamsomea ombi la Gotu, akanyoosha mkono: kadi ya Gotu ipo siniani, na haragwe lake juu.

"Mzee, hizi mbona hazikai mezani?"

"Zikae zifanye nini? Hiyo ya kuhesabu unaisoma mara moja, hutaiita tena. Unaipatia meza ya nini? Hata wakati wangu, wa kuhesabu walikuwa wanakuja. Nilikuwa naziweka kwa kigoda, moja moja." Akanitazama. "Kigoda changu ulipeleka wapi?"

"Kiko chini ya seva, mzee. Kinainua seva, maji ya kudeki yasiifikie."

Alicheka mpaka akakaa kwenye tuta la mfereji, na maji yakapotea njia yakaingia kwenye mahindi ya jirani. Jibu langu lilikuwa limeibeba mashine mgongoni tangu siku ya kwanza.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa na ukurasa ambao sikuwahi kuufungua. Ulisema kwamba unaweza kutenga sehemu ndogo ya memori kwa kazi za kusoma kila kitu, zipite huko bila kugusa kurasa za wengine. Nikaitenga, nikaielekeza hesabu ya Bwana Wafula huko, nikaijaribu mara nyingi kuliko nilivyojaribu kitu chochote maishani. Mfumo ulinidai jina la sehemu hiyo. Nikaiita kigoda. Mkitafuta vizuri mtalikuta jina hilo humo, kama hamjalifuta.

Soko la tatu lilikuja na jua lake. Foleni ilifika mpaka kwenye uzio, mbele kabisa yule wa Gotu, amejifunga kilemba cha kugombana. Vibali vikaanza kutoka. Saa nne ilipokaribia nikavuta kibodi karibu. Nikageuka kumtazama Ekiru, naye kwa mara ya kwanza alikuwa anasali kwa sauti.

Hapo nikasikia mtu anaagiza chai. Niliijua sauti kabla ya kuinua macho. Mzee Mwirigi alikuwa dirishani, na mbuzi wake wanne nyuma yake kwa kamba moja. Kikombe kikaja, akakiweka pale pale pa zamani, mvuke unapanda. Hakunisalimu. Alitaja chapa yake kama mtu asiyenijua.

Nyuma ya pazia nikamsikia Bwana Wafula akiita, "Madam, nabonyeza!"

Niliandika chapa, nikabonyeza. Ukurasa ukafunguka papo hapo, chanjo zote zipo, na kichapishi kikaanza kutoa kibali. Nikakipiga muhuri, nikamsukumia pamoja na kikombe chake.

Akakinyanyua, akanywa funda kubwa la makusudi. Akaruka nyuma. Macho yakamjaa machozi, kofia ikamwendea upande, akashika mdomo kwa mkono mzima huku foleni yote inamwangalia.

"Inachoma," akasema. "Mwari, bado inachoma."

Nililia pale pale mbele ya watu wa Gotu, na sikujali.

Basi, wajukuu zangu wa ofisi ya mifugo. Nasikia mkubwa wenu wa sasa ana simu inayomwonyesha jumla ya wanyama wote, na inajihesabia yenyewe kila dakika chache hata akiwa amelala. Sisemi kitu. Ila hiyo barua ya memori iacheni kwanza. Siku ya soko agizeni chai, muiweke dirishani, na ikipoa kabla ya kibali kutoka, njooni kwangu mchukue kigoda, nilistaafu nacho.